Chubwi za Bibi Risasi

Watu wa mtaa ule walimwita Bibi Risasi. Si kwamba alikuwa na bunduki. Jina lilitokana na kazi yake. Aliyeyusha madini ya risasi, akayamimina kwenye vikopo, yakaganda kuwa chubwi, yaani vizito vya kuzamisha nyavu. Wavuvi walizipenda mno.

Madini hayo aliyapata kwenye betri kuukuu za magari. Alizipasua kwa shoka nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni. Maji makali ya betri aliyamwaga kwenye mfereji unaoelekea baharini. Maganda ya plastiki aliyatupa humohumo. Kisha aliwasha moto, akavuta kigoda, akayeyusha.

Mjukuu wake wa miaka sita hakuwa mbali naye. Mama wa mtoto alifanya kazi mji mwingine, akija kila mwisho wa mwezi. Mtoto walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

"Bibi, samaki wakiona chubwi inashuka, hawakimbii?"

"Mke mwenzangu, utanimaliza kwa maswali," Bibi alijibu, akicheka.

Maji ya bahari yakipwa, wawili hao walishuka hadi mfereji unapoingia baharini. Hapo waliokota kome, wale wa magamba meusi. Chiriku alipenda mchuzi wa kome hao hadi kuramba bakuli.

Halafu Chiriku akaanza kunyamaza. Tumbo lilimuuma, likaacha, likarudi. Choo kilikuwa kigumu. Chakula alikisukuma pembeni. Mwalimu wake alimwita Bibi.

"Bibi, huyu mtoto anasahau leo alichokijua jana. Nyumbani kuna nini?"

"Labda minyoo," Bibi alisema. Alimpa dawa ya minyoo. Hali haikubadilika.

Asubuhi moja Bibi alimkuta amekaa mlangoni. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi.

"Vaa, mke mwenzangu. Utachelewa shule."

"Nimechoka, Bibi," mtoto alisema. Ndiyo kwanza alikuwa ameamka.

 Bibi alimbeba mgongoni, ingawa miguu ya mtoto ilikaribia kuburura chini. Hakusimama hadi zahanati.

Muuguzi alimpima Chiriku. Aliangalia macho yake, yalikuwa yamepauka. Kisha akaangalia mikono ya Bibi. Kucha zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

Bibi alieleza. Muuguzi alisikiliza, kisha akatoa damu ya mtoto na ya Bibi, akazipeleka maabara ya hospitali kubwa.

Majibu yalipofika, muuguzi aliyaleta mwenyewe nyumbani. Alisimama uani kwanza. Aliona jivu, betri na maganda.

"Bibi, damu ya Chiriku ina risasi nyingi. Na yako pia."

"Risasi hii yangu? Hajawahi kumeza hata kipande!"

"Si lazima ameze kipande. Unapoyeyusha, moshi na vumbi vinaingia puani. Vumbi linakaa kwenye nguo, sakafuni, kwenye vidole vya mtoto. Anakula mkate, anakula na vumbi. Kwa watoto risasi inadhuru akili na damu kuliko kwa watu wazima."

Kisha muuguzi aliuliza kuhusu chakula. Bibi alimtajia kome.

"Mnawaokota wapi?"

"Hapo mdomoni mwa mfereji. Wamenona kweli."

Muuguzi alishusha pumzi. "Kome anavuta maji mchana na usiku, anayachuja. Kilichomo kwenye maji kinabaki mwilini mwake. Mfereji ukileta risasi, inabaki humo."

"Nikiwachemsha sana je?"

"Hata ukiwachemsha mpaka kesho. Moto unaua vijidudu, risasi hauiondoi. Na maganda haya ya plastiki yanapigwa na jua na mawimbi, yanakatika hadi yanakuwa chembe. Samaki na kome wanazimeza, na sisi tunawala."

Bibi aliketi kwenye kigoda.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Nimemlisha sumu kwa mkono huu."

Muuguzi alichuchumaa, akaushika mkono huohuo wenye kucha nyeusi. "Hukujua, Bibi. Ungejua usingefanya. Na umemleta."

"Atapona?"

"Sitakudanganya. Risasi hutoka mwilini polepole. Lakini ikiacha kuingia, atapata nafuu. Dawa ya kwanza ni kuacha."

Bibi hakuwasha moto tena. Chiriku alihamia kwa jirani wakati uwanja unasafishwa. Watu wa idara ya mazingira, walioitwa na muuguzi, walikuja na glavu na barakoa. Walichukua betri, wakakwangua udongo wa juu, wakamwaga mwingine safi. Bibi alipangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, hakufagia, vumbi lisije likaruka. Mtoto alinawa mikono kabla ya kula. Alipewa maziwa, mayai, maharage na mboga za majani.

Lakini riziki je? Shemeji yake, fundi wa nyavu, alikuja na utani wake.

"Sasa tuzamishe nyavu kwa nini, shemeji? Kwa maombi?"

"Kwa saruji," Bibi alijibu.

Chubwi za kwanza zilimeguka mikononi mwa fundi. "Shemeji, huu ni uji!"

Bibi hakukata tamaa. Alipunguza mchanga. Alizifunika kwa gunia lenye maji wiki nzima ili zikomae. Alizifanya kubwa zaidi, kwa kuwa saruji ni nyepesi kuliko risasi. Fundi alizifunga kwenye wavu, akaenda nao baharini. Aliporudi hakutania.

"Zimezama vizuri. Nitengenezee nyingine."

Bibi alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza waokotaji kome. Haikuwa rahisi kusema, "Mimi ndiye niliyemwaga." Alisema hivyo hivyo. Wakakubaliana kutookota tena pale mferejini hadi wataalamu wapime na kuruhusu. Wakaweka wavu wa chuma mdomoni mwa mfereji ili usipitishe plastiki, wakapangiana zamu ya kuusafisha.

Baada ya miezi sita, Chiriku alipimwa tena. Muuguzi aliisoma karatasi, akatabasamu.

"Imeshuka sana. Bado haijaisha, lakini imeshuka. Yako pia, Bibi."

Njiani kulikuwa na dimbwi la mvua. Chiriku aliuachia mkono wa Bibi, akakimbia, akarukia katikati kwa miguu miwili. Maji yakamrukia Bibi hadi usoni.

Mtoto aligeuka, akangoja kugombezwa.

Bibi alijifuta uso. Akatazama huku na huku, akapandisha nguo yake magotini, akaruka naye.