Mama Sindano Aenda Kupima Macho

Watu walimwita Mama Sindano kwa wepesi wa mkono wake. Kila asubuhi alikamua ng'ombe wawili waliosalia baada ya ukame, kisha akaketi mlangoni na sinia la shanga. Alitunga mikufu ya Kimaasai kama alivyofundishwa na mama yake. Tangu mvua ziwe za kubahatisha, shanga ndizo zilizoilisha nyumba.

Mwaka huo kazi ilianza kuharibika. Safu moja ilizidi punje mbili, nyingine ilipungua. Mama Sindano akanung'unika kwamba mkamwana wake anachezea sinia. Mkamwana aliendelea kufagia.

Siku moja Mama Sindano alirudi mapema kutoka kuteka maji. Akamkuta mkamwana ameshika mkufu uliofumuliwa.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Mama. Kila mchana nafumua palipokosewa, natunga upya. Huoni vizuri, nami naogopa kukwambia."

Mama Sindano alichukua sindano na uzi. Akajaribu mara moja, mara mbili, mara tano. Uzi ulipita kando kila mara. Hasira ikamwisha, ikabaki hofu. Alisema kama macho yamekwisha, basi na yeye amekwisha.

Mkamwana akamwita jirani yao, mhudumu wa afya. Mhudumu alimwamkia Mama Sindano, akamwomba atazame mbali. Mama Sindano alimwona mbuzi mlimani, akataja hata pembe yake iliyovunjika. Lakini alama kwenye kadi aliyopewa mkononi hakuziona.

"Macho yako hayajafa, Mama," mhudumu alisema. "Mtu akipita miaka arobaini, lenzi ya ndani ya jicho huwa ngumu. Vitu vya karibu vinakuwa ukungu. Humpata kila mtu, na miwani husaidia. Lakini upimwe kwanza zahanati, maana mtoto wa jicho na presha ya macho huja kimya kimya. Usitie dawa usiyoijua, wala usiazime miwani ya mtu."

Mume wa Mama Sindano alicheka. Miwani ni ya makarani, alisema, na safari isubiri mpaka yeye apate nafasi ya kumpeleka.

"Mume wangu, macho ni yangu na miguu ni yangu," Mama Sindano alijibu taratibu. "Nitakwenda na mkamwana wangu."

Wakaenda. Mpimaji hakuona ugonjwa. Miwani ya kwanza ilimfanya aone sakafu inacheza. Ya pili ikamkaa sawasawa. Alitazama viganja vyake, kisha akamgeukia mkamwana.

"Kumbe una kidoti shavuni."

"Ninacho tangu nizaliwe, Mama."

Wakacheka mpaka mpimaji naye akacheka.

Nyumbani, uzi ulipenya mara ya kwanza. Kikundi cha akina mama watunga shanga kilipokutana, Mama Sindano alimwomba mkamwana radhi mbele ya wote. Akasema mkono uliorekebisha kazi yake bila yeye kujua unastahili kufundisha, akamkabidhi mabinti wanaoanza kutunga. Juma hilohilo wanawake sita wakaenda kupimwa.

Mumewe aliendelea na mzaha siku mbili. Siku ya tatu Mama Sindano alimkuta nyuma ya nyumba, amevaa miwani ya mkewe, anachokoa mwiba mguuni.

"Naangalia tu kama haijavunjika," mzee alisema.

Kesho yake akaenda zahanati. Mkewe alitangulia, akimwonyesha njia.