Ndoo ya Bibi Apolonia

Maji ya shawa yalinuka moshi wa kuni.

Marta alinusa kiganja mara ya pili. Shawa ilikuwa ya umeme, siku ya tatu tu ukutani. Aliichagua mwenyewe dukani Mafinga, kwa sababu baridi ya Nyololo haina huruma, na kwa sababu miaka kumi na miwili aliamka kabla ya jogoo kuwika, amchemshie mama mkwe wake maji ya kuoga. Bibi Apolonia alizikwa mwezi uliopita. Marta alitaka kupumzika.

Alimpigia simu fundi Obeid.

"Moshi? Dada, ukiona moshi kwenye umeme, kimbia, nyumba inaungua!" Akacheka.

"Ile ndoo ya bati uliyokorogea saruji iko wapi?"

"Si ulinipa wewe? Nimeiacha nyuma ya choo."

Ilikuwa ndoo ya marehemu ya kuogea. Ndugu walikuwa hawajakaa kugawa vitu vyake.

Kesho yake binti yake, Yusta, aliingia kuoga aende shule. Maji yakatoka, yakakata.

"Mama, mlango haufunguki."

"Toa komeo."

"Nimetoa." Sauti ikashuka. "Mama, kuna mtu amekaa humu. Moshi unanikaba."

Marta alisukuma kwa bega. Mlango haukutikisika. Ndani mtu alikohoa mara tatu, kikohozi kikavu, kile cha Bibi maji yanapochelewa.

"Mama Yusta, maji yangu?"

Marta akakimbia nyuma ya choo, akaigonga ile ndoo kwa jiwe mpaka saruji ikabanduka, akawasha kuni mbichi zilizokataa kushika, akapuliza huku akisikia pumzi za mwanawe zikipungua nyuma ya ukuta, akangoja maji ambayo hayakutaka kupata moto, kisha akayabeba, akapiga goti mlangoni, akageuza uso pembeni kama ilivyompasa mkwe, akasema, "Maji tayari, mama."

Mlango ukafunguka. Yusta akatambaa nje, akihema. Ndoo ikavutwa ndani.

Baadaye waliikuta tupu, imefunikwa kifudifudi, kama Bibi alivyozoea kuiacha.

Shawa bado ipo ukutani. Kila alfajiri Marta huwasha kuni.

Juzi homa ilimlaza. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshatoka, kitanda cha Yusta kitupu, na kule bafuni mtu alikohoa mara tatu.