Sala Iliyokwama Wanale

"Nani alikuambia uje?"

Akeyo alisimama penye migomba ya mwisho ya wakwe zake, mlimani Wanale juu ya Mbale, mwanawe Cliff amelala mgongoni mwake. Mbele yake alikuwa Nabifo, dada wa mumewe Matia, macho yamevimba kwa kulia.

"Nimekuja kumzika mama, wifi."

"Mama yupi? Yule aliyekata roho akiuliza, 'Matia amefika?' Huyo?"

Akeyo aliinamisha kichwa. Angesema nini? Alfayo, dereva wa lori, alipita kambi ya askari magereza walikoishi kule Jinja, Matia akiwa zamu, akamwachia ujumbe: mama mkwe yuko hoi Mbale, anamwita Matia, aje leo leo. Akeyo akaitikia vizuri tu. Mara Cliff akaanza kutetemeka kwa homa, akakimbia naye zahanati, na ule ujumbe ukafutika kichwani kama haukuwahi kusemwa. Ulimrudia siku Alfayo alipopita tena, safari hii na habari ya msiba.

Matia akatokea nyuma ya dada yake, bado amevaa sare.

"Si nilikwambia uende kwenu Kisumu?"

"Baba Cliff, nakuomba..."

"Usiniite hivyo leo."

"Basi nipige! Nitukane!"

"Nikikupiga, mama ataamka?"

Akeyo akapiga magoti palepale kwenye udongo. "Nimemlilia Mungu anisamehe, usiku kucha."

"Vizuri. Basi kaishi naye huyo Mungu. Mwache azike, Nabifo, kisha aende zake."

Kaburini mchungaji alimwomba Matia, mwana mkubwa, aongoze Sala ya Bwana. Askari wenzake wa kaskazini, wasiojua lugha ya pale, walikuwepo, kwa hiyo akasali Kiswahili, lugha ya nyumba yake na Akeyo. Alisema mstari, watu wakafuata. Alipofika pale pa kuomba msamaha, akanyamaza.

"Maskini, amesahau," mama mmoja akanong'ona.

Ojok, rafiki yake wa kambini, akamsogelea. "Utusamehe, afande. Ndipo ulipofika."

"Sijasahau, Ojok. Nitasemaje kwamba nasamehe? Nimdanganye Mungu mbele ya mama yangu?"

Mchungaji mwenyewe alitazama viatu vyake.

Akeyo alihisi watu wote wamemgeukia. Akakaza kanga iliyombeba mtoto.

"Ruka hapo," alisema, sauti ikikatika. "Sema yaliyobaki, mama azikwe. Usijitie dhambini kwa ajili yangu. Mimi naondoka."

Akageuka kweli. Alikuwa amefika kwenye migomba aliposikia jina lake.

"Akeyo! Nikiruka hapo, mimi nitasamehewa wapi?"

Akasimama palepale. Alishindwa hata kugeuza shingo.

Ndipo Matia akausema ule mstari, wote, kwa sauti iliyokwaruza kama ya mgonjwa. Watu wakaufuata. Akamaliza sala, akaja hadi alipo mkewe, akamtia bonge la udongo mkononi.

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Haitaisha kesho."

"Isiishe. Nitaivumilia. Niambie tu, niende?"

Matia alipangusa uso kwa mkono wenye udongo, akajichafua shavu zima.

"Ukienda nitabaki na nani? Mama ndiye huyo ameshaenda."

Akeyo akalia kwa sauti, kilio alichokibana tangu Jinja. Nabifo akaja nyuma yake, akaanza kufungua fundo la kanga bila kumtazama.

"Lete mtoto, ana joto huyu. Nenda ukamzike mkweo."