Msukume Kwanza

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, mlango wa tisa wa kabati la kubadilishia betri ulifunguka.

Dereva aliyeitwa Taratibu alivuta betri iliyokuwa ndani, akaipachika chini ya kiti cha pikipiki yake ya umeme, pembeni ya ile ya pili. Pikipiki hizi hubeba betri mbili. Anayeijua kazi hubadilisha moja moja.

Ng'ambo ya barabara, Mpwa alifunga mkanda wa helmeti na kugusa kidude kilichokuwa sikioni.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Mzigo?"

"Umetoka. Mlango wa tisa."

"Mbebaji?"

"Yuleyule."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa operesheni katika Idara ya ujasusi, na kwa miezi mitatu alikuwa amempigia jasusi wake simu mara nyingi mno, hata madereva wa kituo wakamwita kijana huyo Mpwa. Jina likashika. Idara ikalipenda.

Waliyekuwa wakimwinda aliitwa Mhandisi, mgeni aliyeingia nchini kwa viza ya biashara. Kampuni ya kwao ilikuwa imekosa zabuni ya vyombo vidogo vya usafiri vya umeme vya jiji zima. Njia ya kuirudisha zabuni mezani ilikuwa moja: ukumbi mkuu wa kuchajia betri, ulio chini ya soko, uungue mbele ya kamera. Betri moja yenye kiwashio ndani, iliyopangwa iishe chaji njiani, ikichomekwa kwenye ukuta wa betri elfu mbili, ingetosha. Waliokuwa juu, sokoni, hawakuwa kwenye hesabu.

Kilichobaki ni mtu wa kuipeleka bila kujua.

Dalali wa Mhandisi alimfuata Mpwa, ambaye kituoni alijifanya mtu wa kununulika. Dalali alitaka jina la dereva asiye na maswali mengi, anayebadilisha betri ukumbini kila asubuhi, mvua inyeshe, jua liwake.

Kukataa kungemfichua.

Mpwa akatoa jina.

Mpango ulikuwa safi. Idara ingekata umeme wa ukumbi kabla betri haijachomekwa. Mhandisi angekuja karibu kutazama kazi yake, naye angetiwa pingu. Dereva angerudi nyumbani jioni bila kujua lolote. Mpwa alikuwa ameurudia mpango huo kichwani kila usiku. Haukuwa umemsaidia kulala.

"We Mpwa," Taratibu aliita kutoka ng'ambo. "Una asilimia ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na umekaa hapo kama bwana harusi. Badilisha, utalala njiani."

"Si utanisukuma?"

"Kila siku mimi. Shangazi yako naye hana miguu?"

Madereva wawili waliokuwa wakifuta vioo walicheka. Taratibu aliifunga vizuri helmeti ndogo ya bintiye kwenye kishikio cha nyuma. Alikuwa ametoka kumshusha shuleni. Akaondoka kwa ule mwendo wake wa kubembeleza chaji, uliompa jina.

Kituoni palikuwa na sheria moja isiyoandikwa. Aliyeishiwa chaji hapitwi. Mwenzake huweka mguu kwenye kikanyagio cha nyuma cha pikipiki iliyozimika, akamsukuma hadi kwenye kabati linalofuata. Siku yake ya kwanza Mpwa aliuliza kama na mwizi naye husukumwa.

"Hata mwizi," Taratibu alimjibu. "Msukume kwanza. Mtajuana mbele ya safari."

Mpwa aliwasha pikipiki. Haikutoa sauti.

Kwenye usukani, simu yake ya Samsung ilionyesha joto la betri ya mlango wa tisa. Idara ilikuwa imeingia kwenye mfumo wa betri zote za jiji wiki mbili nyuma.

Nyuzi thelathini na nane.

Taratibu alipita mzunguko wa barabara, nyuma ya msururu wa baiskeli za umeme na bajaji za mizigo.

Arobaini na tano.

Barabara tambarare, mwendo wa kobe, asubuhi ya baridi. Betri nzima haipandi hivyo.

Hamsini na moja.

"Shangazi. Kiwashio kinafanya kazi sasa hivi. Hakisubiri ukumbi."

"Una hakika?"

"Nasoma namba. Ama walikosea kukitengeneza, ama hawakujali."

"Mhandisi hajaonekana bado. Mwache dereva afike ukumbini."

"Hafiki."

"Tukimsimamisha dereva, Mhandisi anapotea."

"Shangazi, mtu ameikalia."

"Hiyo ni amri, Mpwa."

Mpwa alichomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni.

Alikata kushoto.

Uchochoro wa wauza vyuma. Ngazi tatu fupi, ambazo alizishuka meno yakigongana. Ukuta upande huu, ukuta upande ule, nafasi ya mabega tu. Hapo ndipo gari lingenasa na pikipiki nyembamba ya umeme inapita. Alizungusha mpini wa kasi hadi mwisho. Asilimia saba. Nne. Mbili.

Alitokea darajani, mbele ya Taratibu, juu ya bwawa la maji ya mvua. Pikipiki ikafa katikati ya daraja.

Palepale alipotaka.

Angeweza kusimama barabarani na bastola. Lakini Mhandisi alikuwa mahali fulani akitazama, na bastola ingemkimbiza. Dereva aliyeishiwa chaji hamshtui mtu yeyote. Mpwa hakupunga hata mkono. Alijua Taratibu atasimama. Aliutumia wema wa mtu yule mara ya kwanza kumtia mtegoni. Sasa alikuwa akiutumia mara ya pili.

Taratibu alisimama.

"Nilikwambia nini mimi?"

"Nipe betri moja."

"Sina haraka mimi. Shuka kwanza." Taratibu aliinua kiti, akagusa betri ya kulia, akarudisha mkono haraka. "Hii ina moto. Chukua ya kushoto."

"Nipe hiyohiyo."

"Hii mbovu, bwana."

"Nipe hiyo."

"Siwezi kumpa mwenzangu kibovu nikabaki na kizima. Utaniona mtu wa namna gani?"

Skrini ilisema sitini na nane.

Mpwa alichomoa Glock.

Taratibu aliitazama bastola, kisha uso uliokuwa nyuma yake. Alirudi nyuma hatua moja, mikono wazi. Mpwa aliichomoa betri kwa mkono wa kushoto, ikamchoma kiganja, akaipitisha juu ya ukingo.

Kilo kumi zilianguka majini.

Mlipuko ulipandisha maji hadi juu ya daraja, yakawalowesha wote wawili. Chini, moto mweupe uliendelea kuchemka ndani ya bwawa. Taratibu aliutazama. Kisha akakitazama kiti cha pikipiki yake.

Mita thelathini nyuma yao, kigari cha umeme cha viti viwili kilikuwa kimesimama. Mwenye suti ya kijivu alikuwa ametoka, simu mkononi, akitazama skrini, akitazama maji, akitazama skrini tena. Alikuwa akiifuata alama ya betri yake, nayo ilikuwa imesimama mahali isipopangiwa.

Mhandisi.

Macho yao yalikutana. Aliruka ndani ya kigari na kurudi nyuma kwa kasi.

Hakufika mbali.

Nyuma yake dereva mmoja wa kituo alikuwa ameshasimama. Kisha wa pili. Kisha watano. Pikipiki mbili zikionekana zimesimama darajani, hakuna anayepita bila kuuliza.

"Nani kaishiwa chaji?" mmoja aliuliza.

"Na ule moshi wa nini?"

Daraja lilikuwa limeziba. Mhandisi alikuwa amehesabu asilimia, umbali na joto. Hilo hakulihesabu.

Mpwa alifungua mlango wa kigari, akaweka mdomo wa bastola kwenye tai ya hariri.

"Zima," alisema. "Shuka taratibu."

Alikirudisha kidude sikioni. "Shangazi. Mhandisi tunaye."

"Umevunja amri."

"Ndiyo."

"Dereva?"

"Mzima."

"Tutaongea."

Watu wa Idara walifika, wakamchukua Mhandisi, simu yake na kigari chake. Madereva walitawanyika mmoja mmoja, wakitazama nyuma. Taratibu alibaki, helmeti ya bintiye mkononi, akiikausha kwa shati lake ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Walinijuaje mimi?"

"Walitaka mtu asiye na maswali."

"Sasa ninalo moja. Nani aliwapa jina langu?"

Mpwa alikuwa na majibu matatu ya uongo tayari. Alifunzwa kuwa nayo.

"Mimi."

Taratibu alitikisa kichwa, polepole, kama mtu anayeambiwa bei.

"Mwanangu anakuita baba mdogo," alisema.

Mpwa aliiweka bastola mahali pake, akavaa miwani, akashika usukani wa pikipiki yake iliyokufa na kuanza kuikokota kuelekea kabati linalofuata. Hakuharakisha. Hakugeuka.

Nyuma yake alisikia tairi zikisaga mchanga, bila mlio wa injini. Zikamkaribia. Zikapunguza mwendo.

"Panda," Taratibu alisema.

Mpwa alipanda. Mguu wa Taratibu ukatua kwenye kikanyagio cha nyuma, na pikipiki ikaanza kwenda. Walishuka daraja, wakapita soko lililokuwa likifungua milango, wakapita ukumbi wa kuchajia.

Mbele ya kabati la betri, mguu uliondoka. Taratibu alipita bila kugeuza shingo, akakata kona.