Simu ya Fundi Randa Imejaa

Jumanne, tarehe 12 Machi. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, na upepo wa baridi ulipenya hadi ndani ya karakana ya seremala. Gundi ilikataa kukauka.

Seremala huyo watu walimwita Fundi Randa, kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Siku hiyo alikuwa akitengeneza kitanda, lakini mikono ilikuwa kazini na moyo ulikuwa kwingine. Kila baada ya dakika chache aliacha kazi, akajifuta mikono, akatoa simu mfukoni. Ilikuwa simu ya kukunja, ya bei nafuu, isiyozidi kipande cha sabuni kwa ukubwa. Aliifungua, akaitazama, akaifunga. Ta!

Aliipenda simu ile. Chaji yake ilikaa siku nne. Ilianguka kwenye maranda mara kwa mara, lakini kifuniko kililinda vibonye na kioo. Akipigiwa, alifungua tu, simu ikapokewa. Akimaliza kuongea, alifunga tu, ikakatika. Mkewe alimtania kwamba anaifuta simu vumbi zaidi kuliko anavyofuta viatu vyake vya ibada.

Tena simu hiyo ilikuwa shule yake ya pili. Fundi Randa alianza kujifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na miwili, katika darasa la jioni. Binti yake wa pekee alikuwa mji mwingine, akisomea uuguzi. Siku Fundi alipoweza kusoma sentensi nzima bila msaada, alimpa binti yake amri: asimpigie tena, amwandikie. Akipiga, anamnyima baba yake mazoezi.

Binti akatii. Kila siku aliandika, na kila jioni Fundi alisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno, mkewe akisikiliza. Hakufuta hata ujumbe mmoja. Mtu atalifutaje jasho lake mwenyewe?

Kisha naye akaandika. Ulikuwa ujumbe mrefu wa kwanza maishani mwake. Ili kupata herufi "s" alibonyeza namba saba mara nne, na akipitiliza alianza upya. Alimwambia binti yake kwamba anajivunia yeye, na kwamba humwombea kila alfajiri. Akautuma.

Tangu hapo zilikuwa zimepita siku tisa. Kimya.

Mkewe alimshauri apige. Fundi akasema mtoto ndiye humsalimu mzazi. Lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Aliamini binti ameona makosa yake ya kuandika, akamwonea aibu. Asubuhi ile alikuwa amefunga madaftari yake kwenye gazeti. Jioni angeyarudisha kwa mwalimu na kuaga darasa.

"Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia mkewe aliyemletea chai. "Mimi nimeshakauka."

"Mbona simu yako inakunjwa kila siku na haijavunjika?" mkewe akajibu, akaendelea kumimina chai.

Wakati huo jirani yao akaja mbio, meza kichwani. Alikuwa akichajia watu simu kando ya barabara, nao wakamwita Mama Chaji. Aliomba ajibanze pale hadi manyunyu yaishe. Wateja wake wawili wakamfuata. Fundi akafungua simu kwa mara ya ishirini, na Mama Chaji akachungulia.

"Fundi, hii alama ya bahasha hapa kwenye kioo inapepesa tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Si ni pambo?"

Mama Chaji alicheka mpaka akashika meza. "Pambo! Simu yako imeshiba, Fundi. Ina nafasi ya ujumbe mia moja tu. Bahasha ikipepesa hivi, ujue kuna mgeni mlangoni na ndani hakuna kiti."

Fundi akauliza polepole, "Kwa hiyo huenda ameniandikia?"

"Huenda. Ila mtandao hautunzi ujumbe milele. Ukikosa kuingia, baada ya siku chache unapotea. Tufanye haraka."

Akamwonyesha njia: kufungua ujumbe, kubonyeza chaguo, kisha kufuta. Wakaanza na matangazo ya biashara. Yalikuwa arobaini na moja. Mama Chaji alitaka kujua kwa nini hata tangazo la bahati nasibu limetunzwa tangu mwaka jana.

"Nililisoma mwenyewe," Fundi akajitetea.

Kuhusu ujumbe wa binti, Mama Chaji alimshauri anakili anaoupenda kwenye daftari, ndipo aufute. Hivyo atakuwa nao daima, na atajizoeza kuandika. Mkewe hakusubiri. Akafungua lile gazeti, akatoa daftari moja, akaliweka juu ya kitanda.

Tangazo la mwisho lilipofutwa, Fundi akafumba macho, akaomba kimoyomoyo. Kabla hajafumbua, simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Na tena. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno.

"Baba, ujumbe wako niliwasomea wenzangu. Mmoja ameunakili."

Wa pili: "Baba, mbona hujibu? Nimekosa nini?"

Wa tatu ulikuwa wa asubuhi ileile: "Baba, mahafali ni Jumamosi. Nimewawekea nafasi mbili, wewe na mama. Leo saa sita mchana wanafunga orodha ya wageni. Ulinikataza kupiga, natii. Tafadhali nijibu."

Saa ilikuwa tano na nusu. Fundi akaanza kubonyeza.

"Baba watoto," mkewe akasema, "kwa mwendo wa hiyo 's' yako, saa sita itakukuta bado kwenye salamu. Piga."

Akapiga. Mama Chaji akamwekea sauti kubwa. Binti alipokea, akasema "Baba" mara moja tu, kisha hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Fundi akamweleza habari ya bahasha. Akamweleza pia, kwa shida, kwamba alidhani makosa yake yamemtia aibu.

"Ulikosea maneno manne, baba," binti akasema. "Nimeyakariri. Usithubutu kuyasahihisha."

Karakana nzima ikacheka. Binti akaahidi kukimbilia ofisini kuandikisha majina yao mara moja. Fundi akamzuia kidogo. Akasimama wima, akashika simu mbele yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mama yako yupo hapa. Mama Chaji yupo, na wateja wake wawili. Wote wanasikia, na Mungu anasikia. Leo jioni naenda darasani, na Jumamosi tunakuja. Na naahidi mbele yao: nikiona kimya chako tena, sitakuhukumu peke yangu. Nitakupigia siku hiyohiyo, nikuulize."