Kidonge cha Mchana

Ukitaka usiamini, shauri yako. Mimi nilikuwa naishi kwa shangazi Severa, Kariakoo, mwaka 1979, na niliyaona.

Siku ile dukani kwake ilikuwa kama siku zote: foleni ya sabuni nje, na chini ya kaunta sukari kidogo ya wateja wake mwenyewe. Kwa kuficha bidhaa, shangazi hakuwa na mpinzani. "Akiba haiozi," alikuwa akisema.

Mumewe, Anselmi, alirudi kutoka hospitali mchana huo. Shambulio la moyo lilikuwa limeua kipande cha moyo wake, na kilichobaki kikawa kinapiga ovyo. Walimtundikia dripu ya dawa mpaka mapigo yakatulia, kisha wakampa vidonge vya kwinidini, kimoja kila baada ya saa sita.

"Asiruke hata kimoja, mama," daktari alimwambia shangazi. "Mapigo yakivurugika tena, atakufa ghafla."

Shangazi aliviangalia vile vidonge, akaogopa. Vikiadimika kama sabuni, je? Basi akawa anampa cha alfajiri na cha magharibi. Cha mchana na cha usiku wa manane alivificha kwenye kopo la maziwa, nyuma ya sukari.

"Mama Josepha," Anselmi alinong'ona kila adhuhuri, "cha mchana bado."

"Pumzika, Baba Josepha."

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja alianguka akifunga kamba za viatu. Tulimzika kwao Kibosho. Shangazi hakulia. Hata mimi sikulia. Tulikuwa tumekufa ganzi.

Tuliporudi, kopo lilikuwa na vidonge arobaini. Kesho yake, adhana ya adhuhuri ilipokwisha, vilikuwa thelathini na tisa. Bilauri ya marehemu ilikuwa imelowa mdomoni. Kulipokucha, thelathini na vinane.

Nikasema ni panya. Lakini panya hanywi kwa bilauri.

Shangazi alifunga duka. Akawa anajaza maji. Anakaa. Anahesabu.

Siku ishirini zikapita. Asubuhi tukafungua kopo.

Ilibaki nusu ya kidonge. Imekatwa kwa meno. Imelowa.

Shangazi alijishika kifua. Tangu alfajiri moyo wake ulikuwa ukiruka mapigo, na hakuwa amemwambia mtu.

"Ameniwekea akiba," alinong'ona.

Nilimsihi aimeze. Hakuimeza. Aliirudisha nyuma ya sukari, na ndipo nilipoikuta tulipotoka kumzika yeye pia.

Ilikuwa bado imelowa.