Sina Kizuizi

Mambo yalianza na ndege. Fundi wa antena alilalamika kwamba wamejenga viota kwenye sahani yake, na asubuhi iliyofuata makinda kumi na mmoja wakakutwa sakafuni, wamepangwa mstari mbele ya ubao wa kupangia kazi, shingo zimesokotwa. Chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua. Mfagizi alivuta pumzi mara moja, akasema hilo ni jini, akaacha kazi siku hiyo hiyo.

Kituoni hapo waliandika programu za kuongozea setilaiti. Kila siku saa tatu asubuhi timu nzima, watu sita, ilisimama mbele ya ubao ule, na kila mmoja akasema mambo matatu: jana nimefanya nini, leo nafanya nini, na nini kinanizuia. Kizuizi kikitajwa, kiongozi hukiandika kwenye kadi, kisha hutafuta namna ya kukiondoa. Sasa alikuwa amepata msaidizi asiyeonekana.

Chiriku, mwandishi wa programu aliyepewa jina hilo kwa wingi wa maneno, alikicheka kisa cha ndege. Kilichofuata hakukicheka. Zamu yake ilipofika, fundi alisema, kwa utani tu, kwamba mama yake anampigia simu kutwa hadi kazi haziendi. Kesho yake kadi ya kizuizi hicho ilikuwa imejihamisha ubaoni hadi safu ya "Imekwisha", na mama wa watu alikutwa nyumbani kwake amekufa kitini, simu sikioni, ulimi haumo kinywani.

Tangu hapo Chiriku akafunga mdomo. Zamu yake ikifika alisema, "Sina kizuizi," basi. Alikuwa na mwana mmoja tu, wa miaka sita, aliyempata baada ya kuharibikiwa na mimba nne, na kila siku saa kumi aliacha kazi kwenda kumchukua shuleni. Hilo hakulitaja hata kwa kunong'ona. Wenzake nao wakawa mabubu, kazi ikazidi kuchelewa, na setilaiti ilibakiza siku nne irushwe.

Asubuhi ile harufu ilikuwa nzito kuliko siku zote, na nyuma ya ubao kitu kilikuwa kikipumua polepole, na watu wazima wenye shahada zao wakajifanya hawasikii, wakaangalia viatu vyao, hadi zamu ikamfikia kiongozi, naye akasafisha koo na kuchukua kalamu.

"Mimi ninacho," alisema taratibu. "Chiriku anaondoka saa kumi kumfuata mtoto."

"Kaka, nakuomba," Chiriku alinong'ona. "Ifute. Nitalala hapa hapa kazini."

"Nimeshaandika, dada. Setilaiti haimsubiri mtoto wa mtu."

Chiriku hakuchukua hata mkoba. Alitoka mbio, akadandia pikipiki ya kwanza aliyoiona, na njia nzima akamwomba Mungu amchukue yeye badala ya mtoto. Langoni mwa shule mwalimu wa zamu alimpokea kwa tabasamu.

"Umesahau nini tena, mama?"

Chiriku aliuliza mwanawe yuko wapi. Mwalimu akacheka kidogo, akidhani anataniwa. Kwani si amekuja kumchukua mwenyewe, dakika tano hazijapita, na gauni hilo hilo?

"Ila mkanye," mwalimu akaongeza. "Aling'ang'ania mguu wa meza, analia eti wewe si mama yake. Ikabidi nimbandue vidole mwenyewe, kimoja kimoja, ndipo nikakukabidhi."